Seva Inawaka, Wenzako Hawaingii: Kusaka Kosa la Anwani ya IP

Rafiki yako amewasha seva ya gemu kwenye kompyuta yake na anacheza bila shida. Anakutumia namba: 192.168.1.14. Unaiandika, unabonyeza kujiunga, gemu inazunguka karibu nusu dakika kisha inakurudisha ulikotoka. Yeye anaapa kwamba seva inafanya kazi, na ni kweli. Wewe unaapa kwamba hukukosea hata tarakimu moja, na ni kweli pia. Shida ni kwamba namba ile haina maana yoyote nje ya nyumba yake.

Nimeshawasaidia watu wengi kwenye jambo hili, na karibu kila mara nakuta wameshachokonoa ruta, wamezima hiki na kuwasha kile, kabla hawajasoma vizuri maneno yaliyotokea kwenye skrini. Maneno hayo ndiyo dalili. Yanaeleza pakiti zako, yaani vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni, zilifika wapi kabla hazijakwama, kwa hiyo tutayafuata hayo na ruta itasubiri zamu yake. Mifano mingi nitaitoa Minecraft, maana wengi huanzia hapo kuendesha seva zao, lakini njia ni ileile kwa Terraria, Valheim, Factorio na nyinginezo.

Umekaa wapi?

Hili ni swali la kuuliza kabla ya yote. Seva moja huwa na anwani zaidi ya moja, na ile inayokufaa inategemea wewe uko upande gani wa ruta.

Kama gemu na seva viko kwenye kompyuta ileile, anwani ni 127.0.0.1, au neno localhost. Maana yake ni "mimi mwenyewe". Pakiti haitoki hata kwenye kadi ya mtandao. Ukimpa mwenzako namba hii, kompyuta yake itajipigia hodi yenyewe.

Kama mko kwenye ruta moja, mnatumia anwani ya ndani. Hizi zimetengwa rasmi katika waraka wa RFC 1918 wa mwaka 1996: zinazoanza na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Nyumba zisizo na idadi zinatumia 192.168.1.14 muda huu huu bila kugongana, kwa sababu intaneti haizipitishi kabisa. Ni kama kusema "chumba cha tatu": aliye ndani ya nyumba anaelewa, aliye barabarani hajui nyumba ipi.

Kama uko nje, unahitaji anwani ya umma, ambayo mtoa huduma ya intaneti ameipa ruta. Nyumba nzima inashiriki hiyo moja. Pakiti yako ikifika hapo, ruta haijui iipeleke kwenye kifaa gani mpaka iwe imeelekezwa, na mwelekezo huo unategemea namba ya poti, yaani namba ya mlango ambao programu fulani inasikilizia. Tutafika huko.

Sasa, kuisoma anwani ya ndani. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika `ipconfig`. Wengi huchukua namba ya kwanza wanayoiona, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Tazama mfano huu:

```
Ethernet adapter VirtualBox Host-Only Network:
   IPv4 Address. . . . . : 192.168.56.1
   Default Gateway . . . :

Wireless LAN adapter Wi-Fi:
   IPv4 Address. . . . . : 192.168.1.14
   Default Gateway . . . : 192.168.1.1
```

Zote mbili zinaanza na 192.168, zote zinaonekana halali. Ya juu ni ya kadi ya kubuni iliyowekwa na programu ya VirtualBox, na hakuna kifaa kingine nyumbani kinachoweza kuifikia. Tofauti iko kwenye mstari wa "Default Gateway": ya juu ni tupu, ya chini ina namba ya ruta. Chukua iliyojazwa. Kwenye Linux amri ni `ip addr`.

Ukikuta anwani inayoanza na 169.254, simama hapo hapo. Kompyuta iliomba anwani kwa ruta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Rekebisha waya au Wi-Fi kwanza.

"Unknown host"

Hii ndiyo nyepesi kuliko zote. Uliandika jina, na jina halikuweza kugeuzwa kuwa namba. Pakiti haijatoka kwako. Angalia herufi moja moja, angalia nafasi iliyonakiliwa mwishoni mwa jina bila wewe kuiona, na uondoe `http://` mwanzoni kama imo. Kisha andika `nslookup` ikifuatiwa na jina hilo. Likirudisha namba, jaribu kuingia kwa namba hiyo. Ukiingia kwa namba ukashindwa kwa jina, futa kumbukumbu ya majina kwa `ipconfig /flushdns` na ujaribu tena.

"Connection refused"

Watu huogopa ujumbe huu, lakini mimi huufurahia kuliko mwingine wowote, kwa sababu ni jibu. Pakiti ilisafiri, ikafika kwenye mashine fulani, na mashine ikasema: kwenye poti hii hakuna anayesikiliza. Njia iko wazi. Kilichobaki ni kujua kwa nini hakuna anayesikiliza, au kama ile ndiyo mashine uliyoikusudia.

Huenda seva haijamaliza kuwaka. Seva yenye nyongeza (mods) nyingi huweza kuchukua dakika kadhaa. Huenda poti siyo. Minecraft ya Java hutumia 25565, ile ya Bedrock hutumia 19132, Terraria 7777, Factorio 34197, Valheim huanzia 2456, na gemu za familia ya Source kama Counter-Strike hutumia 27015. Poti isiyo ya kawaida lazima uiandike baada ya anwani, ukitenganisha kwa nukta mbili: `192.168.1.14:25570`. Halafu kuna mtego wa Minecraft ambao umewasumbua wengi: ukifungua dunia yako kwa wenzako walio kwenye mtandao wa nyumbani kupitia menyu ya gemu, isipokuwa umeipangia poti mwenyewe, gemu huchagua yoyote iliyo wazi na kuionyesha kwenye sehemu ya maongezi. Poti ya jana si ya leo.

Uthibitisho uko kwenye mashine ya seva yenyewe. Andika `netstat -ano | findstr 25565`. Usipoona chochote, seva haisikilizi kwenye poti hiyo, na hakuna haja ya kugusa ruta. Ukiona `0.0.0.0:25565` pamoja na neno LISTENING, seva inapokea wageni kutoka kila kadi ya mtandao. Ukiona `127.0.0.1:25565`, inapokea kutoka kwenye kompyuta hiyo hiyo tu, na wengine wote watakataliwa hata mkikaa meza moja.

Hapo fungua faili la `server.properties` utafute mstari wa `server-ip`. Uache mtupu. Wengi huandika pale anwani ya umma wakidhani ndivyo inavyotakiwa, na seva inakataa kuwaka ikilalamika "FAILED TO BIND TO PORT". Ukweli ni kwamba kompyuta haimiliki anwani ya umma. Anayeimiliki ni ruta. Unaiambia seva ikae kwenye kiti kisichokuwemo chumbani. (Ujumbe huohuo hutokea pia seva ya zamani ikiwa bado inawaka nyuma ya pazia na imeshikilia poti. Izime kwanza.)

Jambo moja la kukumbuka: jibu la kukataliwa ni tabia ya TCP, mojawapo ya njia mbili kuu ambazo gemu husafirisha pakiti, na Minecraft ya Java na Terraria huitumia. Bedrock, Valheim na Factorio hutumia ile ya pili, UDP, na huko kosa lilelile mara nyingi huonekana kama ukimya. Ukimya ndio tunaouendea sasa.

"Connection timed out"

Hapa ndipo penye kazi. Pakiti ilitoka, ukasubiri, hakuna aliyejibu. Inaweza kuwa imetupwa na ukuta wa moto (firewall) wa kompyuta, na ruta, na mtoa huduma, au imekwenda kwenye anwani isiyo na mtu. Ukimya haukwambii ni nani. Dawa yake ni kuanzia ndani na kutoka nje hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja, mpaka ufike pale kunapokatika.

Anza kwenye kompyuta ya seva kwa 127.0.0.1. Ikikubali, seva ni nzima.

Kisha chukua kifaa kingine kwenye ruta hiyo hiyo, uingie kwa anwani ya ndani. Kama una kompyuta ya Windows, fungua PowerShell uandike:

```
Test-NetConnection 192.168.1.14 -Port 25565
```

Unachotafuta ni mstari wa `TcpTestSucceeded`. Ukisema True, poti iko wazi, hata kama ping, ile amri ya kuuliza kama kifaa kinajibu, imeshindwa. Nasisitiza hili kwa sababu limewapotezea watu siku nzima: ping hutumia njia nyingine kabisa, ICMP, na Windows mara nyingi huizuia. Ping ikijibiwa haimaanishi poti iko wazi. Isipojibiwa haimaanishi imefungwa. Jaribio la PowerShell nalo linapima TCP peke yake, kwa hiyo kwa gemu za UDP kipimo chako ni gemu yenyewe.

Ikishindikana katika hatua hii, mshukiwa wa kwanza ni ukuta wa moto wa Windows. Kumbuka siku ulipowasha seva mara ya kwanza: kilitokea kidirisha kikiuliza kama programu iruhusiwe kwenye mtandao. Kama ulibonyeza kufuta ili kiondoke, Windows iliandika kanuni ya kuizuia programu ile, na kanuni ya kuzuia hushinda kanuni ya kuruhusu. Ndiyo maana unaongeza ruhusa na bado haiingii. Nenda kwenye kanuni za "Inbound" za Windows Defender Firewall, tafuta Java au jina la seva yako, futa zenye alama nyekundu, kisha uruhusu upya. Angalia pia kama Windows imeuita mtandao wa nyumbani "Public". Ubadilishe uwe "Private". Ukuta wa moto unaweza kuuzima kwa dakika moja kama kipimo. Wenzako wakiingia, umempata mkosaji. Uwashe tena saa hiyo hiyo na uandike kanuni; usiuache umezimwa.

Ukuta wa moto ukiwa safi na bado kimya, hakikisha hakuna kati yenu aliye kwenye Wi-Fi ya wageni. Ruta nyingi huwatenga wageni wasionane na vifaa vingine.

Ndani kukikaa sawa, toka nje. Chukua simu, zima Wi-Fi, tumia data ya simu, na ujaribu kwa anwani ya umma. Ikinyamaza, sasa ndiyo zamu ya ruta. Fungua ukurasa wake kwa ile namba ya "Default Gateway" na utafute "Port Forwarding". Baadhi ya ruta huiita "Virtual Server". Unaiambia hivi: pakiti yoyote inayokuja kwenye poti 25565, ipeleke kwa 192.168.1.14, poti 25565. Makosa ninayokutana nayo hapa ni yaleyale: mtu amechagua TCP wakati gemu inataka UDP, ameandika anwani ya umma kwenye nafasi ya anwani ya ndani, au ameandika anwani ya ndani iliyokuwa sahihi mwezi uliopita.

Watu wengine wakichoka huwasha DMZ kwenye ruta, na kweli wenzao wanaingia. Nakusihi usifanye hivyo. DMZ huielekezea kompyuta yako kila poti isiyopangiwa kazi, si ya gemu peke yake, na intaneti ina mashine zinazopita usiku na mchana zikigonga milango ya kila mtu.

Baada ya yote hayo, kuna hali moja ambayo hakuna mpangilio wowote wa ruta utakaoitibu, na inaniumiza kila nikiona mtu amekesha nayo. Fungua ukurasa wa hali ya ruta, tafuta anwani ya upande wa WAN, yaani upande unaotazama intaneti, uiandike pembeni. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya umma (zima VPN kwanza, la sivyo utaonyeshwa anwani ya VPN). Linganisha namba mbili hizo.

Zikifanana, endelea kutafuta kosa nyumbani. Zikitofautiana, mbele ya ruta yako kuna ruta nyingine. Kama anwani ya WAN inaanza na 192.168, mara nyingi ni ruta mbili zilizofungwa moja nyuma ya nyingine nyumbani. Elekeza poti kwenye zote mbili, au iweke ya kwanza katika hali ya daraja (bridge) ili ipitishe pakiti tu. Kama ni kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Safu hiyo ilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa. Sababu yake ni hesabu tu: anwani za IPv4, hizi za namba nne tunazozitumia, ni za biti 32, takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na ghala kuu la IANA, wasimamizi wa anwani duniani, liligawa mafungu yake ya mwisho mwezi wa Februari 2011. WAN inayoanza na 10 nayo inaweza kuwa hali hiyo hiyo.

Hapo acha kuhangaika na poti. Muulize mtoa huduma kama anaweza kukupa anwani ya umma. Akikataa, tumia mtandao wa faragha kama Tailscale au ZeroTier: kila mchezaji anaweka programu, mnapewa anwani zenu, na mnaonana kana kwamba mko nyumba moja. Usishtuke Tailscale ikikupa namba inayoanza na 100. Inatumia safu ileile, ndiyo maana ulinganisho wa juu lazima uufanye kwenye ukurasa wa ruta na si kwenye `ipconfig`. Njia nyingine ni kukodi seva mahali penye anwani ya umma, au kutumia IPv6, aina mpya ya anwani zilizo ndefu zaidi, kama nyote mnayo. Anwani ya IPv6 ikifuatwa na poti huwekwa ndani ya mabano ya mraba, mfano `[2001:db8::10]:25565`. Zinazoanza na fe80 haziwezi kuvuka ruta. Na ingawa IPv6 haihitaji kuelekeza poti, ukuta wa moto wa ruta bado unaweza kuwazuia wageni mpaka uwaruhusu.

Wenzako wanaingia, wewe mwenye seva huingii

Unatumia anwani ya umma ukiwa ndani. Pakiti inatoka kwako kwenda kwenye ruta, nayo inapaswa kuigeuza irudi ndani ilikotoka. Ruta nyingi haziwezi. Hakuna kilichoharibika. Wewe tumia anwani ya ndani, wao watumie ya umma. Kwa sababu hiyohiyo, kushindwa kuingia kwa anwani ya umma ukiwa nyumbani si ushahidi kwamba poti imefungwa.

Jana ilikubali, leo haikubali

Uliza ni anwani gani iliyobadilika, maana zote mbili hubadilika. Ya umma inaweza kubadilika ruta ikizimwa na kuwashwa, au mtoa huduma akiamua. Ya ndani hubadilika ruta inapogawa upya. Kuna jamaa nilimsaidia ambaye seva yake ilikuwa ikikatika kila baada ya siku chache, na kila mara alifuta kanuni za poti akaziandika upya zilezile. Tulipofungua orodha ya vifaa kwenye ruta yake, laptopu ya seva ilikuwa 192.168.1.17. Ile 192.168.1.14 iliyoandikwa kwenye kanuni ilikuwa imepewa televisheni. Wageni wake wote walikuwa wakipelekwa sebuleni.

Tiba ya ndani ni kuitengea kompyuta ya seva anwani yake kwenye mpangilio wa DHCP wa ruta (sehemu inayogawa anwani za ndani), kwa kutumia anwani ya MAC, namba inayoitambulisha kadi yake ya mtandao. Tiba ya nje ni jina linalofuata anwani ya umma kila inapobadilika, huduma ambayo ruta nyingi huiita DDNS. Mnaandika jina, namba zinajibadilisha nyuma yake. Jina hilo, kama ilivyo namba yenyewe, wape mnaocheza nao tu. Anayejua anwani yako ya umma anaweza kuifurika kwa pakiti mpaka intaneti ya nyumba nzima isimame. Washa orodha ya walioruhusiwa kwenye seva, na siku mtakapoacha kucheza, futa kanuni ya poti.

Unaingia, kisha unakatwa au unakwama

Ukishaona ujumbe wa toleo lisilolingana, au wa nyongeza unazokosa, anwani imeshamaliza kazi yake: umefika na seva imeongea na wewe. Linganisheni matoleo.

Kukwama kwa mwendo nako hakuponi kwa kubadilisha anwani wala poti. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva iliyo kilomita 10,000 kutoka kwako haiwezi kukujibu chini ya milisekunde 100 kwenda na kurudi, hata njia ingenyooka, nayo hainyooki. Andika `tracert` na anwani ya seva, utazame ni kwenye ruta ipi muda unapoanza kupanda na kubaki juu mpaka mwisho. Ukipanda kwenye mstari wa kwanza kabisa, tatizo ni Wi-Fi yako, na waya utalimaliza. Ukipanda katikati ya safari, pale pakiti zinapovuka bahari, ihamishieni seva karibu na mahali walipo wachezaji walio wengi.